Bustani ya nyumbani Simiyu: Dumu moja, tuta moja kiangazi chote

Na Mwandishi Wetu

KUANZIA mwezi Juni, mboga za majani huanza kuadimika katika minada na masoko ya Bariadi. Mgagani na mlenda uliojiotea wenyewe mashambani wakati wa masika hunyauka, majani ya kunde na ya maboga hukakamaa, na fungu la mchicha huzidi kuwa dogo huku bei yake ikipanda.

Ndicho kipindi ambacho kaya nyingi huikumbuka bustani ya nyumbani. Hata hivyo, bustani nyingine huanzishwa kwa bidii mwezi Julai zikiwa na matuta sita au saba ya miche ya kijani, na kabla ya Oktoba zikabaki mabua makavu yaliyozungukwa na uzio wa miiba.

Mara nyingi chanzo cha kushindwa huko si uvivu wala uhaba wa ardhi. Ni kosa la hesabu. Mkulima huipima ardhi aliyonayo, akailima yote, kisha ndipo akaanza kutafuta maji ya kuitosheleza. Katika mkoa mkavu kama Simiyu utaratibu ulio sahihi ni kinyume chake: maji hupimwa kwanza, ardhi ikafuata.

Kwa kaya inayochota maji kwa kichwa au kwa baiskeli, kosa hilo si dogo. Kila tuta linaloongezwa bila hesabu ni safari nyingine ya kwenda kisimani, na safari hizo kwa kawaida huwaangukia akina mama na watoto wa kike.

Kiangazi cha Simiyu

Mkoa wa Simiyu, ambao makao makuu yake ni mji wa Bariadi, ulianzishwa mwaka 2012 kwa kuunganisha wilaya zilizokuwa za Shinyanga pamoja na eneo la Busega lililokuwa sehemu ya Magu, mkoani Mwanza. Kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, una wakazi 2,140,497, na wengi wao hutegemea kilimo cha pamba, mahindi, mtama, mpunga na viazi vitamu pamoja na ufugaji.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) huuhesabu mkoa huu miongoni mwa maeneo yanayopata mvua mara mbili kwa mwaka, yaani vuli kati ya Oktoba na Desemba na masika kati ya Machi na Mei. Kati ya misimu hiyo kuna kiangazi kirefu, kinachoanza Juni na kuendelea hadi Septemba au Oktoba.

Kiangazi hicho hakiko sawa mwanzo hadi mwisho. Juni na Julai usiku huwa na ubaridi, na udongo wa mabondeni bado huwa na unyevu wa masika. Kuanzia mwishoni mwa Agosti jua huwa kali, upepo mkavu huvuma na ardhi huwa imekauka hadi chini. Septemba na Oktoba ndiyo miezi inayoijaribu bustani.

Aidha, mkulima hana uhakika wa siku ambayo vuli itaanza. Mwaka 2016 na mwaka 2021 mvua hizo zilikuwa hafifu katika maeneo mengi ya nchi. Kwa sababu hiyo, bustani inayopangwa iishe na Septemba imepangwa pungufu. Yafaa ipangiwe maji ya kuifikisha Novemba.

Mboga hizo si kitoweo tu. Utafiti wa afya nchini (TDHS-MIS) wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio na umri wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Majani ya kijani iliyokolea kama mchicha, mgagani na matembele yana vitamini A na madini ya chuma, na kwa kaya nyingi ndicho chanzo cha virutubisho hivyo kilicho karibu zaidi.

Hesabu ya maji

Katika jua la Septemba, mita moja ya mraba ya mboga zilizokwisha kufunika ardhi hupoteza kati ya lita 4 na 6 za maji kwa siku, kupitia majani na udongo. Tukichukua lita 5 kuwa kiwango cha kupangia, tuta lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 4 linahitaji lita 20, yaani dumu moja kila siku.

Kanuni ya kukumbuka ni fupi: dumu moja, tuta moja.

Kaya inayoweza kutenga madumu mawili kwa siku, baada ya maji ya kunywa, kupikia, kuoga na kunyweshea mifugo, ina uwezo wa matuta mawili. Ikilima matano, itayagawia yote maji yasiyotosha, na hakuna litakalostawi.

Hesabu hiyo ikitazamwa kwa msimu, uzito wake huonekana zaidi. Agosti, Septemba na Oktoba zina jumla ya siku 92. Tuta moja kwa siku hizo huhitaji lita 1,840, na matuta manne huhitaji madumu 368. Tangi la lita 1,000 lililojazwa kwa mvua za mwisho za masika hulihudumia tuta moja kwa siku 50.

Mwenye paa la bati anaweza kuanza akiba hiyo mapema. Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya paa la mita za mraba 30 huleta takriban lita 300, kabla ya kutoa yanayopotea kwa kumwagika. Mifereji ya paa inafaa kufungwa na kusafishwa kabla ya masika kwisha, kwa kuwa baada ya hapo hakuna cha kukinga.

Matandazo, kivuli na umbo zuri la tuta hupunguza mahitaji hayo. Hata hivyo, ni busara kupanga kwa dumu zima na kuyafanya yanayookolewa kuwa akiba ya siku ambayo kisima kitachelewa kujaa.

Udongo na majina yake

Wakulima wa Kisukuma wana majina ya udongo wao, na majina hayo yana manufaa kwa mwenye bustani. Luseni ni udongo wa kichanga unaopatikana zaidi kwenye miteremko iliyo chini ya vilima vya mawe. Itogolo na ibambasi ni udongo wenye tabaka gumu. Mbuga ni udongo mweusi wa mfinyanzi ulioko mabondeni, ambao huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka.

Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, alieleza kisayansi jinsi udongo wa Afrika Mashariki unavyobadilika kwa mpangilio kutoka kilimani hadi bondeni.

Luseni hulimika kwa urahisi lakini haushiki maji. Dumu likimwagwa lote kwa mara moja, sehemu kubwa huzama chini ya mizizi. Udongo huo hutaka maji kidogo kidogo kila siku, nusu asubuhi na nusu jioni, pamoja na samadi nyingi.

Mbuga hushika maji kwa siku kadhaa. Hufaa kunyeshewa kwa wingi kila baada ya siku mbili au tatu badala ya kunyunyiziwa kila siku. Hatari yake ni nyufa: udongo ukiachwa ukauke na kupasuka, mizizi hukatika na maji yanayofuata hupotelea ndani ya nyufa. Matandazo kwenye mbuga ni ya lazima.

Itogolo na ibambasi havifai kwa mboga bila kazi ya ziada. Aliye na udongo huo pekee afadhali achimbe mashimo na kuyajaza udongo mwema uliochanganywa na samadi, au apande kwenye magunia na ndoo zilizotobolewa chini.

Kuandaa matuta

Katika maeneo ya mvua nyingi, matuta ya mboga huinuliwa ili maji yatiririke. Wakati wa kiangazi tuta la kuinuliwa hukauka kutoka juu na kutoka pembeni kwa wakati mmoja. Linalofaa ni tuta mbonyeo, yaani lililochimbwa likawa chini ya usawa wa njia kwa sentimeta 15 hivi, huku udongo uliotolewa ukifanywa kingo kuzunguka pande zote. Kwenye mbuga kina cha sentimeta 10 kinatosha.

Wazo la kuzuia maji yasiondoke si geni katika Usukuma. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, mkoani Mwanza, kilichoanza kazi katika miaka ya 1930, kilifanya majaribio ya miaka mingi ya kufunga mifereji kati ya matuta ya pamba na nafaka ili mvua inyonywe na ardhi pale inaponyesha. Tuta mbonyeo ni kanuni hiyo hiyo kwa kipimo cha bustani.

Samadi ndiyo inayoupa udongo uwezo wa kutunza unyevu. Katika mkoa wa wafugaji haipaswi kukosekana, isipokuwa ni lazima iwe imeoza vizuri. Samadi mbichi huunguza miche na hubeba mbegu nyingi za magugu. Debe moja la samadi iliyooza kwa kila mita moja ya mraba, lililochanganywa na udongo wa juu, ni kiasi cha kutosha kuanzia.

Baada ya miche kushika, tuta hutandazwa nyasi kavu, majani ya mpunga au mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, kwa unene wa sentimeta 5 hivi. Mambo mawili huzingatiwa. Kwanza, matandazo yasiguse mashina, kwa kuwa mchwa hufuata majani makavu na kisha huhamia kwenye mmea. Pili, mabua ya pamba yasitumike kamwe. Kanuni za zao hilo humtaka mkulima ang'oe na kuyachoma masalia yake ifikapo Septemba 15, ili wadudu wasivuke msimu. Kuyaleta bustanini ni kuwapa wadudu hao makao.

Hali kadhalika, kivuli chepesi huokoa maji. Kichanja cha kimo cha mita 1 kilichoezekwa kwa nyasi chache, zinazoruhusu takriban nusu ya mwanga kupita, hufaa kwa kitalu na kwa miche iliyopandikizwa karibuni. Mboga zilizokomaa huhitaji jua la asubuhi, hivyo mti au ukuta unaotoa kivuli upande wa magharibi ni jirani mwema wa bustani.

Mboga zipi, wakati gani

Si kila mboga inafaa kwa kila mwezi wa kiangazi. Chainizi, kabichi, karoti na spinachi hupenda ubaridi wa Juni na Julai. Chainizi iliyochelewa hadi Septemba hutoa maua mapema na majani yake huwa machungu.

Mchicha na mgagani hustahimili joto. Mchicha huvunwa wiki tatu hadi nne baada ya kusiwa, na mgagani wiki nne hadi tano. Kwa kuwa maji yanayotumika hadi chakula kifike mezani ni machache, hizo ndizo mboga zinazomlipa mwenye madumu mawili.

Bamia huanza kuvunwa baada ya siku 50 hadi 60 na huendelea kuzaa kwa muda mrefu ikichumwa kila baada ya siku mbili. Sukuma wiki ikipandikizwa Julai hutoa majani hadi vuli, ilimradi wadudu wadhibitiwe. Nyanya chungu nayo ni mvumilivu.

Nyanya huhitaji hesabu zaidi. Mbegu hukaa kitaluni wiki tatu hadi nne, na baada ya kupandikizwa mmea huhitaji karibu miezi miwili na nusu hadi mitatu. Ikisiwa mapema Juni, matunda hupatikana Septemba na Oktoba. Aina za Tanya na Tengeru 97, zilizotolewa mwaka 1997 baada ya utafiti uliofanyika Tengeru, mkoani Arusha, si chotara, hivyo mkulima anaweza kujiwekea mbegu zake.

Kwa muhtasari, kalenda ya bustani ya Bariadi inaweza kupangwa hivi:

Juni: kusia nyanya, sukuma wiki na chainizi, kuchanganya samadi, kujenga uzio.

Julai: kupandikiza miche jioni, kusia mchicha wa kwanza, kutandaza.

Agosti: kupanda bamia na mgagani, kusia nusu ya tuta la mchicha kila baada ya wiki mbili ili mavuno yasikatike.

Septemba: kuacha kuanzisha mboga za ubaridi, kuelekeza maji kwenye matuta yanayozaa, kuanza kuzalisha marando ya viazi vitamu.

Oktoba na Novemba: kufuatilia utabiri, kuandaa kitalu na matuta ya vuli.

Namna ya kumwagilia

Maji humwagwa alfajiri au jioni, shinani, si juu ya majani. Yanayomwagwa saa saba mchana sehemu yake hupotea kabla ya kufika mizizini. Ni heri pia maji yafike chini mara chache kuliko kulowesha vumbi la juu kila siku, kwa sababu mizizi hufuata unyevu, na ile inayobaki juu ndiyo huunguzwa na jua.

Kipimo rahisi ni kidole. Kikizamishwa kwenye udongo hadi kiungo cha pili na kukuta ubichi, mmea unaweza kusubiri hadi kesho.

Kwa mimea iliyo mbali kwa mbali kama nyanya na bamia, chupa ya plastiki iliyotobolewa matundu madogo na kufukiwa kando ya shina hupeleka maji moja kwa moja mizizini. Njia ya kale zaidi ni ya mtungi wa udongo usiopakwa rangi, unaofukiwa hadi shingoni, ukajazwa maji na kufunikwa. Maji hupenya ukutani polepole kadiri udongo wa nje unavyokauka.

Nyanya zinazonyeshewa kwa wingi leo na kusahauliwa siku nne hupasuka au kuoza kitako, hata kama jumla ya maji kwa wiki ilitosha. Utaratibu usiobadilika ni bora kuliko wingi.

Maji yaliyooshea mboga, mchele na vyombo yanaweza kupunguza safari za kisimani. Yenye sabuni kidogo humwagwa ardhini kwenye mimea kama bamia na mipapai, kwa kupokezana sehemu, si kwenye mboga zinazoliwa mbichi. Yenye dawa ya kuondoa madoa, na yaliyofulia nepi, hayafai bustanini.

Baadhi ya visima vya mkoa huu vina maji ya chumvi. Dalili zake ni ukoko mweupe juu ya udongo na kingo za majani kuungua. Karoti, maharage na vitunguu huathirika mapema, ilhali spinachi na sukuma wiki huvumilia zaidi. Penye maji ya aina mbili, ya chumvi hupewa mboga zinazovumilia, na yale matamu hutengewa kitalu.

Wadudu na hatari ya dawa za pamba

Bustani ya kijani katika nchi kavu huvuta kila mdudu aliye karibu. Utitiri mwekundu hupenda joto na ukavu. Majani huwa na vidoa vya manjano na utando mwembamba upande wa chini. Kuyaosha kwa maji upande huo na kuyaondoa yaliyoathirika zaidi hupunguza kasi yake. Vidukari hudhibitiwa kwa maji ya sabuni ya kipande vikigunduliwa mapema.

Nzi weupe hueneza ugonjwa unaojulikana kwa wakulima kama rasta, ambao huyakunja majani ya nyanya na kuuzuia mmea kuzaa. Mmea ulioupata haponi. Hung'olewa mara moja. Kantangaze, mdudu wa nyanya aliyethibitishwa nchini mwaka 2014, hutoboa majani na matunda, na majani yenye michirizi huchumwa na kufukiwa.

Simiyu ina jambo la pekee, nalo ni ujirani wa bustani na pamba. Funza wa vitumba anayeshambulia pamba ndiye huyo huyo anayetoboa nyanya, na bamia ni ya ukoo mmoja na pamba. Pamba ikishavunwa, wadudu huhamia kwenye kijani kilichobaki.

Hapo ndipo kishawishi cha kutumia dawa ya pamba iliyosalia hutokea. Ni kishawishi cha kuepukwa. Dawa iliyokusudiwa zao lisiloliwa haikupimiwa mboga ya majani, na hata dawa za mboga zina siku za kusubiri kati ya kunyunyiza na kuvuna. Mchicha unaochumwa kila wiki hauna nafasi ya kusubiri huko. Aidha, makopo ya dawa hayafai kuchotea maji ya bustani hata yakioshwa.

Kwa bustani ya matuta mawili, macho na mikono hutosha. Kuyageuza majani kila asubuhi wakati wa kumwagilia na kuokota funza ni kazi ya dakika kumi.

Uzio, mifugo na mito

Baada ya mavuno, mifugo huachiliwa mashambani kula masalia, na bustani isiyo na uzio huwa malisho ya siku moja. Minyaa, ambayo imezungushia miji ya Wasukuma kwa vizazi vingi, hutoa uzio wa kudumu usiohitaji maji. Utomvu wake ni hatari kwa macho, hivyo mkataji ajikinge na watoto wakae mbali. Miiba iliyokatwa hufaa kwa msimu mmoja, lakini sehemu ya chini izibwe kwa ajili ya kuku.

Utaratibu wa ngitili, ambao Wasukuma hutenga eneo la malisho wakati wa mvua na kulifungua wakati wa ukame, unabeba fikra iyo hiyo ya kuweka akiba kabla ya shida. Utaratibu huo ulihuishwa na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza mwaka 1986, wakati Bariadi, Maswa na Meatu zilipokuwa sehemu ya mkoa huo.

Wapo wanaoifuata mito ya msimu na kuchimba visima kwenye mchanga wake. Maji ya chini ya mchanga hudumu muda mrefu baada ya mto kukauka juu, na yamewaokoa wengi. Hata hivyo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu zinazohatarisha mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na mabwawa. Kulima ukingoni hulegeza udongo, na mvua ya kwanza huusomba hadi mtoni. Maji hubebwa hadi bustanini. Bustani haipelekwi ukingoni.

Kuvusha mbegu hadi vuli

Faida ya bustani ya kiangazi ambayo mara nyingi husahaulika ni kutunza mbegu. Viazi vitamu, ambavyo Wasukuma huvikausha kuwa michembe na matobolwa, hupandwa kwa marando. Ukame ukiua marando yote, mvua hufika mkulima akiwa hana cha kupanda, na wiki za mwanzo za vuli hupotea katika kutafuta.

Kona ya tuta yenye unyevu wa kudumu hutosha kuhifadhi mashina ya kuanzia. Njia nyingine ni kuchagua viazi vidogo visivyo na fukusi wakati wa mavuno, kuvifukia kwenye mchanga mkavu ndani ya beseni mahali penye ubaridi, kisha kuvipanda bustanini na kuvinyeshea wiki sita hadi nane kabla ya mvua. Vichipukizi vyake ndivyo marando ya vuli, na majani ya ziada ni matembele ya kula.

Miche michache ya mchicha, mgagani na bamia nayo huachwa ikomae kwa mbegu. Huteuliwa ile iliyostawi, si iliyosalia baada ya kuchuma, na mbegu zake hukaushwa kivulini.

Akiba ya aina nyingine huandaliwa wakati wa neema. Majani ya kunde yaliyochemshwa na kukaushwa, maarufu kwa jina la nsansa, huweza kuliwa kiangazi chote bila tone la maji ya kumwagilia. Yakikaushwa kivulini badala ya kwenye jua kali, hubakiza vitamini A nyingi zaidi. Kaya yenye debe la nsansa inaweza kupunguza tuta moja bila kupunguza mboga mezani.

Mvua zinapoanza

Mvua ya kwanza si ruhusa ya kuacha kumwagilia. Mara nyingi hufuatwa na wiki mbili au tatu za jua, na miche iliyohamishwa kwa haraka hufa wakati huo. Mkulima husubiri hadi udongo ulowe kina cha kiganja.

Mvua zikishatulia, kazi hugeuka. Tuta mbonyeo lililoitunza bustani kiangazi linaweza kuwa dimbwi, hasa kwenye mbuga, hivyo kingo hubomolewa upande wa chini au udongo hurudishwa juu. Matandazo mazito hupunguzwa, kwa kuwa unyevu mwingi huleta kinyausi kitaluni na bakajani chelewa kwenye nyanya. Nyanya za vuli hazipandwi pale zilipokuwa za kiangazi.

Ipo matarajio ya maji zaidi mkoani. Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha fedha za mradi wa kuyatoa maji Ziwa Victoria kwa ajili ya miji na vijiji vya Simiyu, kwa ushirikiano na Serikali ya Tanzania na Benki ya Maendeleo ya Ujerumani (KfW), ukiwa na sehemu ya kilimo kinachohimili mabadiliko ya tabianchi.

Hata bomba likifika mlangoni, maji yake yatakuwa na bili, na hesabu haitabadilika. Mwenye madumu mawili atakuwa na matuta mawili, yaliyochimbwa chini, yaliyotandazwa na kuzungushiwa uzio, na mezani kwake mboga haitakosekana hadi mvua zinyeshe. Anayetaka tuta la tatu ana njia mbili: kuongeza dumu, au kutandaza vema yale mawili ya kwanza hadi yabakize la tatu.